Mnajuaje Kama Panya Anaumia?

Kwenye maonesho ya Nanenane hapa Tabora, mzee mmoja mganga alisimama mbele ya meza yetu ya maabara ya kupima dawa za maumivu muda mrefu bila kusema kitu. Alikuwa anakodolea macho bamba la chuma, pana kuliko kikaango cha chapati, lililozungushiwa ukuta wa plastiki unaoona ndani yake. Pembeni namba nyekundu zilisoma 55.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo mnapompikia panya?"

Nikamwambia hatumpiki, tunamuuliza kama dawa imempunguzia maumivu. Akauliza, "Na anajibu?" Siku ile watu walikuwa wengi na nilimjibu kwa haraka. Acha nijibu vizuri hapa.

Anajibu kwa miguu. Panya mdogo mweupe wa maabara ana gramu 25 hivi, kama nusu ya uzito wa yai la kuku. Anawekwa juu ya bamba lenye joto la nyuzi 52 hadi 55 za Selsiasi, na saa inaanza kuhesabu. Mwanzo ananusanusa ukuta. Kisha anainua mguu wa nyuma, anaukung'uta, anaulamba, wengine wanaruka. Hapo hapo saa inasimamishwa na panya anatolewa. Asiyepewa dawa humaliza sekunde chache tu. Aliyechomwa sindano ya mofini, dawa kali ya maumivu, hukaa muda mrefu zaidi, na tofauti hiyo ya sekunde ndiyo tunayoiandika daftarini. Asipofanya chochote, sekunde 30 zikifika anatolewa kwa lazima, kwa sababu dawa inaweza kuficha uchungu lakini haizuii ngozi kuungua. Njia hii ilielezwa na watafiti Woolfe na MacDonald mwaka 1944, na mpaka leo haijabadilika sana.

Ndugu yake mkubwa ni kipimo cha mkia, cha D'Amour na Smith, mwaka 1941. Taa kali inaelekezwa sehemu moja ya mkia, na tunahesabu sekunde mpaka panya aupige mkia pembeni. Watu hudhani vipimo hivi viwili ni kitu kimoja. Sivyo. Kuvuta mkia ni kazi ya uti wa mgongo: habari inapanda, amri inarudi, ubongo hata haujaulizwa, kama unavyoachia mfuniko wa sufuria kabla hujasema "aah!" Kulamba mguu ni jambo pana zaidi, linahitaji ubongo. Kwa hiyo dawa inayochelewesha mkia lakini haigusi kulamba inatueleza inafanyia kazi wapi.

Ninachokipenda mimi ni kifaa cha Hargreaves na wenzake cha mwaka 1988. Panya anakaa kwenye chumba kidogo chenye sakafu ya kioo, hajafungwa wala hajashikwa. Anaachwa azoee, mpaka atulie. Chini ya kioo kuna taa ya miale ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho. Mpimaji anailenga kwenye unyayo mmoja na kubonyeza. Unyayo ukiinuka, kifaa chenyewe kinatambua, kinazima taa na kusimamisha saa. Yaani panya ndiye anayeamua kipimo kiishe. Tena unaweza kulinganisha mguu uliovimba na mguu mzima wa mnyama yule yule, jambo ambalo bamba haliwezi.

Kwa nini joto, si kitu kingine? Akina mama jikoni wanajua jibu kuliko wanavyodhani. Kiswahili kinasema pilipili inawasha, neno lile lile la kuwasha moto, na kumbe lugha ilikuwa imeshafika. Mwaka 1997 mwanasayansi David Julius na wenzake walikipata kwenye neva, yaani mishipa ya fahamu, kipokezi (kilango kidogo cha kupokea habari) kinachoitwa TRPV1: kinafunguka kwa ukali wa pilipili, na kinafunguka kwa joto la takriban nyuzi 43. Mlango ni mmoja, hivyo mwili hauwezi kutofautisha kirahisi pilipili na moto. Baadaye kikapatikana kipokezi cha baridi, TRPM8, kinachoitikia pia mentoli ya pipi na dawa za kuchua. Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian.

Baridi nayo ina bamba lake, linaloshushwa mpaka karibu na nyuzi sifuri. Wengine hudondosha unyayoni tone la asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Inakauka haraka na kuacha ubaridi. Msione ni mchezo. Wapo wagonjwa wa saratani waliotibiwa kwa oksaliplatini ambao hawawezi kushika chupa iliyotoka kwenye friji bila vidole kuchoma. Wapo wa kisukari wanaosema nyayo zinawaka usiku. Dawa ya kifua kikuu, isoniazidi, nayo inaweza kudhuru neva, ndiyo maana mgonjwa hupewa vitamini B6 pamoja nayo. Matatizo ya namna hii hupimwa kwanza kwa panya, kwenye vifaa kama hivi.

Sasa niseme kosa langu. Mwaka mmoja, mwezi wa Oktoba, joto la Tabora likiwa limepanda kabla mvua hazijaanza, nilipima kundi la panya waliopewa dawa saa mbili asubuhi, na kundi lililopewa maji ya chumvi tu, bila dawa, saa nane mchana. Matokeo yalipendeza ajabu: waliopewa dawa walichelewa kuvuta mkia, wa maji ya chumvi walivuta upesi. Nilitembea na furaha hiyo siku mbili. Mwenzangu akauliza swali moja tu: "Mkia wenyewe ulikuwa na joto gani?" Ngozi ya mkia ikiwa tayari ina joto, inafikia kiwango cha kuuma mapema zaidi. Nilichokuwa nimepima ni tofauti ya asubuhi na mchana. Tulirudia yote, makundi yakichanganywa, muda ule ule na chumba kile kile, aliyeshika saa akiwa hajui nani kapewa nini.

Liko jingine linalowaponza wengi. Parasetamo na aspirini hazionekani vizuri kwenye bamba la moto, ingawa tunazimeza kila siku na zinasaidia. Kipimo kile kinaonesha zaidi dawa za jamii ya mofini. Kwa hiyo mtu akikuambia mzizi fulani "ulifeli maabara", muulize ulifeli kwenye kifaa gani. Na anayesema "ulifaulu" muulize swali lile lile, kisha uongeze la pili: panya alikuwa macho? Panya aliyelewa au aliyelegea naye hainui mguu. Ndiyo maana tunampandisha kwenye fimbo inayozunguka na kuona kama anaweza kutembea juu yake bila kuanguka.

Kuhusu wanaouliza kama tunawatesa panya: Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, na wanasayansi Russell na Burch waliandika mwaka 1959 kwamba mtafiti atafute mbadala wa mnyama, apunguze idadi, apunguze mateso. Kikomo cha sekunde 30 kwenye bamba ni sehemu ya hilo. Na mimi siwapimi mara nyingi mfululizo. Mbali na huruma, panya hujifunza, na mara ya tatu anaruka kabla hata hajaungua.

Mzee wangu alirudi jioni wakati tunafungasha. Nilimwonesha fimbo ile inayozunguka. Akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe mnamuuliza kama amelewa!" Ndipo akatoa mfukoni kipande cha mzizi kilichofungwa kwa uzi mweusi, akanionesha, akakirudisha.

"Sikupi huu. Umechimbwa kiangazi, hauna nguvu. Njoo mvua zikianza, tutachimba wote, na huyo panya wako mwambie asubiri."