Mwezi uache mwisho: ninavyokagua picha za pwani za karne ya 19

Ukifungua katalogi ya mnada wa picha za kuchorwa za karne ya 19 kutoka Ulaya ya kaskazini, hukosi kukutana na pwani yenye mbalamwezi: miamba myeusi, mashua, mawingu yaliyopasuka katikati, na njia ya mwanga juu ya maji. Wanunuzi huzipenda sana, nami pia. Kazi yangu ni kuzikagua kabla pesa hazijatoka, na neno la kwanza ninalomwambia mteja ni hili: mwezi uache mwisho, anza na giza.

Sababu iko kwenye rangi zenyewe. Mwezi na mng'ao wake kwa kawaida vilichorwa kwa nyeupe ya madini ya risasi, rangi nzito na ngumu inayodumu karne na karne. Usiku ulijengwa kwa njia nyingine: tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, rangi zinazopitisha mwanga, mpaka weusi ukapata kina. Matabaka hayo ndiyo ya kwanza kutoka pale picha inaposafishwa na mtu mwenye haraka na dawa kali. Ndiyo maana unaweza kuuziwa mwezi mzima juu ya usiku uliochujuka: miamba imekuwa bapa, nyuzi za turubai, kitambaa kilichochorewa, zinachungulia mawinguni, na watu waliokaa ufukweni hawana tena nyuso. Tangazo halitakuonyesha hayo, kwani muuzaji huupigia picha mwezi.

Adui mwingine aliwekwa na wachoraji wenyewe, nayo ni lami. Wengi waliipenda kwa sababu ikiwa mbichi hutoa weusi wa kahawia wenye joto, ambao rangi nyingine haziufikii. Lakini lami haikauki sawasawa. Hujikunyata, rangi iliyo juu yake hupasuka kama tope la bwawa lililokauka, na miaka ikipita huzidi kuwa nyeusi. Mwaka 1880 mchoraji Arkhip Kuindzhi alionyesha St. Petersburg, Urusi, picha moja tu, usiku wa mbalamwezi kwenye mto Dnieper, ndani ya chumba kilichotiwa giza huku taa ya umeme ikiimulika turubai. Watu walipanga foleni kuiona. Leo picha hiyo imekuwa nyeusi kuliko walivyoiona wao, na lami imechangia. Ukikuta nyufa pana kwenye sehemu nyeusi peke yake, huku anga likiwa salama, ishuku lami. Fundi anaweza kuzipunguza makali nyufa hizo, ila lami yenyewe hataiondoa.

Kuhusu majina: Mjerumani Caspar David Friedrich alichora mwezi ukichomoza baharini mwaka 1822, picha iliyoko Berlin hadi leo. Mwaka uliofuata Mnorwe Johan Christian Dahl alihamia nyumba moja naye huko Dresden. Mwanafunzi wa Dahl, Knud Baade (1808–1879), alijulikana hasa kwa mbalamwezi ya pwani ya Norwei, ingawa maisha yake aliyamalizia Munich. Nyuma yao walifuata wengi, na si wote waliotia saini. Kwa hiyo soma maneno ya katalogi kwa makini. "Inadhaniwa ni ya Baade" ni dai, japo la tahadhari. "Mduara wa Baade" inamtaja mtu aliyekuwa karibu naye, asiyejulikana jina. "Kwa mtindo wa Baade" haikuahidi hata umri wa picha.

Saini nyingi hukaa kwenye kona yenye giza, na huko ndiko ujanja hufanyika. Chukua kioo cha kukuza. Nyufa za uzee zinapaswa kuikata saini. Rangi ya saini ikiwa imetiririkia ndani ya nyufa, basi iliandikwa baada ya picha kuzeeka. Kisha zima taa na uwashe ya urujuanimno (ultraviolet), mwanga usioonekana kwa macho. Vanishi ya kale ya utomvu, tabaka angavu lililopakwa juu ya picha, hung'aa kijani hafifu, na viraka vilivyopakwa baadaye aghalabu huonekana kama madoa meusi. Mwezi nao sasa una la kusema: mashine ya eksirei inaweza kusoma madini ya rangi bila kugusa turubai. Nyeupe ya titani ilianza kuuzwa kwa wachoraji karne ya 20. Ikionekana, ama kuna kiraka, ama picha nzima si ya zama zinazotajwa.

Kuna kipimo kimoja ambacho msomaji wa pwani yetu anakijua bila kufundishwa. Mwezi mpevu huja na bamvua: maji hujaa sana, kisha hupwa mpaka mashua zikalala ubavu. Sasa chukua picha yenye mwezi mpevu, ufuo mpana uliokauka na mashua zimeinama kwenye matope, na maelezo yanasema ni kisiwa cha Rügen. Rügen iko bahari ya Baltiki, ambako kujaa na kupwa ni suala la sentimita chache. Upepo unaweza kuyasukuma maji, kweli, na wachoraji walibuni mandhari wakiwa studio. Hata hivyo mimi ningeanza kutafuta upya, kwenye bahari ya Kaskazini au Normandy, na jina la mahali likibadilika, jina la mchoraji nalo linaweza kubadilika.

Kabla ya kutoa bei, mwombe muuzaji ripoti ya hali ya picha, picha ya mgongo wa turubai, na picha iliyopigwa kwa urujuanimno. Mgongoni tazama kama turubai imegandishwa kitambaa cha pili. Wakati mwingine kazi hiyo ilifanywa kwa pasi ya moto, nayo iliubana mwezi ukawa bapa. Nyumba za minada zenye heshima hujibu maombi haya bila malipo. Ukinyimwa picha ya mgongo, mnada huo upite. Ukiletewa kazi ya mfuasi asiye na jina ambayo giza lake halijaguswa, nunua hiyo, hata fremu ikiwa imevunjika.