Kiti cha nyuma

Wengi wanaoniuliza habari za maikrolaiti, vile vindege vyepesi vya bawa la kitambaa, huanza na injini. Mimi huanza na kiti cha nyuma, kwa sababu kabla hakijawekwa, mwanafunzi aliachwa hewani peke yake tangu siku ya kwanza.

Bawa lenyewe ni la zamani. Huko Marekani, Francis Rogallo na mkewe Gertrude walipata hataza ya bawa lao la kitambaa mwaka 1951, na baadaye vijana wakalitumia kurukia kutoka milimani bila injini. Mwaka 1976 John Moody alifika kwenye maonyesho ya ndege ya Oshkosh akiwa na kijiinjini cha nguvu za farasi kama 12 kwenye chombo cha kurukia milimani chenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, akakimbia kwa miguu yake mpaka kikamnyanyua. Lakini chombo kilibeba mtu mmoja tu. Mwalimu alibaki chini akipiga kelele, na ukishapanda mita hamsini humsikii tena.

Mambo yalibadilika Ulaya, mwishoni mwa miaka ya 70, kilipoanza kuning'inizwa kigari cha magurudumu matatu chini ya bawa. Kigari kina kiti, na penye kiti kimoja unaweza kuweka cha pili. Uingereza, ambako nilijifunza, kiwanda cha Mainair cha Rochdale kilitoa Gemini ya viti viwili, na Solar Wings wa Marlborough wakatoa Pegasus zao. Kanuni za wakati ule zilitaka ndege tupu isizidi kilo 150. Watu wawili wa kawaida walikaribia kuwa na uzito sawa na ndege iliyowabeba!

Watu hudhani mtu wa nyuma ataivuta ndege mkia. La. Kigari chote kinaning'inia kwenye boliti moja. Mzigo ukisogea nyuma, kinachoinama ni kigari. Bawa linabaki na pembe yake. Kinachobadilika ni mwendo, nao hufuata kipeuo cha pili cha uzito. Uzito wote ukishuka kutoka kilo 370 hadi 290, bawa linaweza kubeba kwa mwendo ulio chini kwa zaidi kidogo ya asilimia 11. Hesabu hiyo niliielewa kwa mwili kabla ya kuielewa kwa kalamu.

Mwanafunzi hukaa mbele, mwalimu nyuma yake, magoti yake yakikubana kiunoni pande zote mbili. Kwa kuwa upau wa usukani uko mbali naye, huongezewa vishikio pembeni ili mikono yake iufikie. Ukiusukuma mbele, pua inapanda na mwendo unapungua. Ukiuvuta tumboni unaongeza kasi. Ukiusukuma kushoto unakata kulia. Aliyetoka kwenye ndege za kawaida hupata tabu kweli. Mimi sikuwa nimerusha chochote, kwa hiyo mikono yangu haikuwa na la kusahau.

Yetu ilikuwa na Rotax 503, injini ya mipigo miwili, petroli ikichanganywa na oili, moja kwa hamsini. Harufu yake bado naijua: asubuhi ya baridi, majani ya uwanja yana umande, kamba ya kuwashia inakukwaruza kiganja. Tuliruka mapema kabla jua halijaamsha hewa.

Asubuhi moja, baada ya kutua mara tatu, mwalimu aliniambia nizime injini. Akashuka. Hakuniambia neno la kunitia moyo. Aliinama juu ya kiti chake, akaifunga mikanda kwa fundo, akachomeka ncha ndani, akaivuta mara mbili. Pangaboi liko nyuma ya kiti hicho. Mkanda ukichomoka hewani unaingia moja kwa moja. Kisha akasogea pembeni.

Nilikanyaga mafuta kama nilivyozoea, na ndege ikaachana na ardhi nikiwa bado najiandaa. Nikauvuta upau kidogo, nikaona uzio wa shamba ukiwa chini sana kuliko siku zote. Ndipo nikahisi ubaridi mgongoni. Saa zote zile za mafunzo kifua chake kilikuwa kinanikinga upepo, nami sikuwahi kujua.

Nilipotua, fundo lilikuwa limekaza vilevile. Wanafunzi wangu nawafungia hivyohivyo: ncha ndani, navuta mara mbili, nasogea pembeni.