Kuendesha vifaa vya nyumbani ukiwa mbali: poti ya ruta ibaki imefungwa

Nyumba nyingi za Unguja na Pemba siku hizi zina kamera ukutani, pampu inayowashwa kwa simu na kifaa cha kupima maji ya tangi. Mwenye nyumba ya Fuoni akiwa Wete, au akiwa Muscat, anataka kujua maji yamefika wapi. Mafundi wengi humfanyia jambo jepesi: wanaingia kwenye ruta na kufungua poti, yaani mlango wa mtandao wenye namba yake, ya kamera au ile 8123 ya Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani. Tunaomba sana jambo hilo liachwe.

Poti iliyofunguliwa haimchagui anayebisha hodi. Kuna programu zinazozunguka intaneti yote usiku na mchana zikijaribu kila anwani. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kiliteka malaki ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu nywila za kiwandani tu, orodha isiyozidi 70. Kwa hivyo nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ile ile kifaa kinapowekwa.

Njia ya salama ni VPN, yaani njia ya faragha iliyofichwa ndani ya intaneti, na kwa nyumba tunapendekeza programu ya WireGuard. Hutumia poti moja ya UDP (mfumo wa kutuma data), kwa kawaida 51820, wala haimjibu asiye na ufunguo. Anayesaka haoni kitu.

Kabla ya kuiweka, soma kwenye ukurasa wa ruta anwani ya IP ya upande wa intaneti, uilinganishe na ile inayotajwa na tovuti za kuangalia anwani. Zikitofautiana, hasa ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 au ikianza na 10, umewekwa nyuma ya anwani moja pamoja na wateja wengine. Ruta za laini ya simu ndivyo zilivyo mara nyingi. Hapo huwezi kuingia kutoka nje. Nyumba yenyewe ndiyo ianze kuunganisha kwenda nje. Kodi seva ndogo (kompyuta iliyo hewani muda wote) yenye anwani isiyobadilika, kisha Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya nyumbani, na simu yako zote ziunganishwe nayo. Asiyetaka kazi ya seva atumie huduma ya Tailscale, iliyojengwa juu ya WireGuard.

Ndani ya WireGuard, seva ipe anwani 10.8.0.1, nyumba 10.8.0.2, simu 10.8.0.3. Upande wa nyumba andika AllowedIPs = 10.8.0.0/24 (anwani hizo tu ndizo zipite kwenye VPN) na PersistentKeepalive = 25, ili kila sekunde 25 njia iguswe isije ikafungwa na mtandao wa simu. Kwenye seva washa net.ipv4.ip_forward=1, inayoiruhusu kupitisha data kati ya vifaa, la sivyo simu itaiona seva lakini haitafika nyumbani. Kila kifaa kiwe na funguo zake mbili, wa siri na wa wazi, na ule wa siri usitumwe kwa WhatsApp. Simu ikipotea, unafuta ufunguo wake wa wazi kwenye seva na wengine wanaendelea.

Wengi hukwama umeme unapokatika, na chanzo chake ni saa. Raspberry Pi 4 haina betri ya saa, hivyo umeme ukirudi huamka na saa ya nyuma. WireGuard nayo hutuma saa kila inapoanza kuunganishwa, na seva hukataa saa iliyo nyuma ya ile iliyopokea mwisho, kuzuia mtu kurudia ujumbe aliounasa. Ukiwa umeandika AllowedIPs = 0.0.0.0/0, yaani kila kitu kipite kwenye VPN, hata ombi la kurekebisha saa linapita kwenye njia ambayo haijafunguka, na nyumba inabaki kimya mpaka mtu aende. Ndiyo maana tumesisitiza 10.8.0.0/24. Kipande cha saa cha DS3231 chenye betri huondoa tatizo kabisa. Ruta nayo ipate UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti inayolingana na chaja yake.

Pampu isitegemee intaneti kujizima. Bando likiisha katikati, amri ya kuzima haifiki, na pampu inayozunguka bila maji huungua. Weka swichi ya boya ndani ya tangi na kikomo cha muda kwenye swichi inayowasha pampu, mfano dakika 40, kulingana na ukubwa wa tangi.

Nyumba za wageni za Paje na Nungwi zitenganishe Wi-Fi ya wageni na ya vifaa. Vilevile, Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliwataka wanaotumia VPN kuisajili kwake, basi kamilisheni hilo.

Mwisho wa kazi, zima Wi-Fi ya simu, ingia kwa bando, washa taa moja. Kisha shusha swichi kuu ya umeme, subiri dakika tano, ipandishe. Nyumba ikirudi hewani bila kuguswa, kazi imekamilika. Jaribio hili lifanyike fundi akiwa bado yupo, kabla hujapanda boti.