Jina la Kerberos si "Madoa"

Kerberos ni yule mbwa wa visasili vya Wagiriki anayelinda mlango wa kuzimu. Kwa miaka mingi watu wameambizana kwamba jina lake maana yake ni "mwenye madoadoa", yaani Hades, mfalme wa wafu, alimwita mbwa wake Madoa. Hadithi inapendeza, ila msingi wake ni dhaifu.

Ilianza karne ya 19, wanaisimu walipolilinganisha jina hilo na maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, kama śabala, "mwenye mabaka", ambalo Rigveda, kitabu kitakatifu cha kale cha Wahindu, inalitumia kwa mbwa wawili wa Yama, mungu wa wafu. Mfanano huo unavutia kweli. Tatizo ni sauti: maneno hayo ya Kisanskriti yenyewe hayaafikiani, moja, karbara, huanza kwa k na jingine, śabala, kwa ś, na sauti b ilikuwa adimu mno katika lugha mama inayodhaniwa kuyazaa.

Tuwasome Wagiriki wenyewe. Homer, mshairi wao wa kale, hamtaji kwa jina, husema "mbwa wa Hades" tu. Hesiod, mshairi mwingine wa kale, ndiye anayemwita Kerberos: mla nyama mbichi, mwenye sauti ya shaba na vichwa 50. Madoa hayataji.