Mto Chini ya Goti: Dhana Potofu Baada ya Upasuaji

Mwezi uliopita kijana mmoja alimleta mama yake kutoka Pemba, wiki ya saba tangu awekewe goti bandia, akanieleza kwa fahari kwamba bi mkubwa hakuruhusiwa kuteremka kitandani isipokuwa kwa haja, na kwamba mto wa sufi haukuondolewa chini ya goti usiku wala mchana. Nilipomlaza na kumwomba anyooshe mguu, ngumi yangu ilipita kati ya goti na kitanda. Alipokaa ukingoni na kujaribu kulikunja, goti halikufika hata nyuzi 70.

Hii ndiyo dhana ninayoisikia kuliko zote na inayoniumiza kuliko zote: kwamba kiungo kilichopasuliwa kipumzishwe mpaka kipone, ndipo kianze kutumika. Kwa goti bandia ukweli ni kinyume chake. Mgonjwa asiye na tatizo jengine husimamishwa na kutembezwa kwa magongo au fremu siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa sababu chuma na plastiki hushikishwa kwenye mfupa tangu chumba cha upasuaji, mara nyingi kwa saruji maalumu inayokauka kwa dakika chache. Kinachobaki kupona ni nyama, nazo hupona kwa urefu ule ule zinaoachwa nao. Mto ukikaa chini ya goti, kano za nyuma hufupika, kovu hujijenga ndani ya kiungo, na msuli wa mbele wa paja, ambao uvimbe umeshaudhoofisha, hunywea kabisa. Familia hudhani inamhurumia mgonjwa, kumbe inamfunga mguu.

Kama mto ni lazima, uwekwe chini ya kisigino, goti libaki hewani mpaka linyooke. Kwa kukunja, sijaona kifaa kinachoishinda kanga: mgonjwa akae kitandani, aipitishe chini ya unyayo, avute kisigino kuelekea kwake taratibu, mara kadhaa kwa siku, baada ya kunywa dawa ya maumivu, kisha aweke barafu iliyofungwa kitambaa. Maumivu ya zoezi hili hayamaanishi kwamba kitu kinachanika ndani. Mkunjo wa nyuzi 90 unatosha kukaa kitini. Kunyanyuka kwenye kiti kifupi kunahitaji zaidi, na mbuzi ya kukunia nazi zaidi ya hapo. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo yenye uamuzi, kwani kovu likishakomaa hata kulikunja goti kwa nguvu chini ya dawa ya usingizi huwa na faida ndogo.

Kuhusu kuchuliwa kwa mafuta ya moto katika wiki za mwanzo, nasema usikubali: jeraha bichi huingia vijidudu, na damu iliyoganda kwenye shavu la mguu ikisukumwa yaweza kufika mapafuni. Uvimbe na joto la kiasi vinaweza kudumu miezi kadhaa bila upasuaji kuwa umeharibika. Usaha, homa, wekundu unaosambaa au shavu la mguu kuvimba ghafla ndivyo vya kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Wapo wanaoahirisha upasuaji kwa kuambiwa kwamba goti bandia hudumu miaka 10 tu. Daftari za kitaifa za viungo bandia za Australia na Finland, zilizochambuliwa mwaka 2019, zilionyesha kwamba takriban magoti 82 katika kila 100 bado yalikuwa yakitumika baada ya miaka 25.

Swali la sala huja kila wiki. Kupiga magoti hakulivunji goti bandia, ingawa wengi huhisi ganzi na usumbufu kwenye kovu. Lakini kikao cha tahiyatu, cha kukalia miguu iliyokunjwa, kinahitaji mkunjo ambao magoti mengi bandia hayaufikii, na jambo hilo mgonjwa aelezwe kabla hajapasuliwa, asije akaligundua akiwa juu ya mswala.

Yule bi mkubwa sasa amefika nyuzi 85. Kunyoosha bado kunatupa kazi, na mto wa sufi umehamia kisiginoni.