Ukilifuta lori, hesabu inabadilika?

Hapa Uganda, madarasa ya mwanzo ya msingi hufuata mtaala wa mada: masomo yote ya kipindi fulani huzunguka mada moja. Nikitaka kujua kama mada imekaa sawasawa darasani, siangalii nyimbo wala picha za ukutani. Naangalia kipindi cha hesabu.

Tuchukue mada ya usafiri. Hapa Busia, mpakani na Kenya, haihitaji kitabu: malori yamepanga foleni na bodaboda ziko kila kona. Mwalimu anachora lori ubaoni, anaimbisha watoto, halafu chini yake anaandika 3 + 4. Lori na hesabu hiyo havijuani. Andalio la somo la namna hiyo likinifikia nauliza jambo moja tu: ukilifuta lori, hesabu inabadilika? Kama haibadiliki, hilo ni pambo.

Na mada yenyewe imejaa hesabu! Bodaboda moja ina magurudumu mawili. Zikiwa 4, ni mangapi? Mtoto wa P1 (darasa la kwanza) anahesabu mbili mbili kabla hajasikia habari ya kuzidisha. Kwenye kipindi cha habari za watoto anasimulia alivyokuja shuleni, mwalimu anaandika sentensi zake ubaoni, na hizohizo ndizo zinazosomwa baadaye. Maana anaijua tayari, kwa hiyo kazi inayobaki ni kutambua herufi.

Ila hesabu ina ngazi zake. Kutoa kwa kukopa hakungoji wiki ya usafiri, na mada ikigoma, iache. Fundisha hesabu kavu siku hiyo, hakuna atakayekufunga.

Kinachonikera zaidi ni P4. Mtaala huu wa mada ulioingia P1 mwaka 2007 unaishia P3, kwa lugha ya eneo, Kiingereza kikiwa somo tu. Mtoto akivuka, anakuta masomo yametenganishwa na Kiingereza ndicho cha kufundishia, vyote kwa mpigo. Tena mjini kwetu hata hiyo "lugha ya eneo" ina utata: darasa moja lina Wasamia, Wateso na Waganda, wakati uwanjani wengi wanaelewana kwa Kiswahili. Shule nyingi za mjini huamua kutumia Kiingereza tangu P1, na wazazi hufurahi.

Walimu wa P3 nawashauri hivi: muhula wa tatu, msamiati wa Kiingereza utoke kwenye mada zilezile ambazo watoto wameshazihesabu na kuzisimulia. Gurudumu, mzigo, nauli, barabara. Na andalio lipitiwe na mwalimu wa P4 kabla ya shule kufungwa, maana watoto hao ndio atakaowapokea Februari.