Majivu yaliua viwavi, au ni mvua?

Kwenye mkutano wa wakulima wilayani Kiryandongo, Uganda, mama mmoja alisimama akaniambia: "Mwalimu, nyinyi watafiti mnachelewa. Mimi nilitia majivu kwenye mahindi yangu Jumatatu, Ijumaa viwavi hawapo." Watu wakapiga makofi. Sikuwa na shaka na alichokiona. Nilimuuliza jambo moja tu: kati ya Jumatatu na Ijumaa, mvua ilinyesha? Akafikiri kidogo. "Ilinyesha Jumatano, tena kubwa."

Viwavijeshi vamizi, walioripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, hawaondoki shambani kwa njia moja. Mvua kubwa huwaangusha wale wachanga na kuwazamisha ndani ya moyo wa mhindi, yaani pale katikati ya mmea ambapo majani machanga yamejikunja. Tena kiwavi akishakula kwa wiki mbili au tatu, hushuka mwenyewe na kujifukia ardhini ili ageuke nondo. Shamba la mama yule lingeweza kusafika hata bila majivu. Alikuwa na maelezo matatu, na alichokiona kilikubaliana na yote matatu. Kazi ya jaribio ni kuyatenganisha.

Haya nayaandika kwa wakulima, lakini pia kwa walimu na wanafunzi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unawataka wanafunzi wafanye miradi, na miradi mingi ninayoletewa kwenye kituo chetu cha utafiti ina sura hiyohiyo: nilifanya hiki, kikatokea kile. Kinachokosekana ni shamba la pili, lile ambalo halikufanyiwa kitu, chini ya mvua ileile, kwa mbegu ileile, lililopandwa siku ileile.

Anza kwa kulibana swali. "Majivu yanasaidia?" ni swali la barazani. Swali la jaribio linasema hivi: mahindi yaliyotiwa kijiko kimoja cha majivu kwenye moyo, wiki ya tatu baada ya kuota, yatakuwa na mimea michache yenye kinyesi kibichi cha viwavi siku saba baadaye, kuliko yasiyotiwa? Ukiliandika hivyo, unajua upime nini na lini kabla hujashika jembe.

Kisha ongeza kundi la tatu, ambalo wengi hulisahau: mahindi yanayotiwa kijiko cha udongo mkavu badala ya majivu. Kwa nini? Kwa sababu chochote cha vumbi kikimwagwa kwenye moyo wa mhindi kinaweza kumsumbua kiwavi. Usipokuwa na udongo wa kulinganishia, utayasifu majivu kwa kazi ambayo vumbi lolote lingeifanya. Mimi naona kundi hili ndilo linalotofautisha jaribio la mtu aliyefikiri na la mtu mwenye haraka.

Sasa mpangilio shambani, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu niliumia hapa. Nikiwa bado kijana kazini, nilipanga mbegu mbili hivi: mpya kushoto, ya zamani kulia, mstari baada ya mstari. Mbegu mpya ikang'ara. Wakati wa kuvuna ndipo nikagundua kwamba upande wote wa kushoto ulipakana na kichuguu kikubwa kilichosawazishwa miaka ya nyuma, na udongo wa kichuguu una rutuba kuliko udongo wa jirani. Msimu mzima ukapotea. Sikuweza kusema lolote kuhusu mbegu ile, na wakulima walikuwa wananisubiri niseme.

Dawa ya kosa hilo ni kura. Tangu miaka ya 1920, Ronald Fisher, akifanya kazi katika kituo cha kilimo cha Rothamsted huko Uingereza, alisisitiza kwamba nafasi za majaribio shambani zipangwe kwa bahati nasibu, ili mkono wa mtafiti usipendelee hata bila yeye kujua. Kwa majivu yetu fanya hivi: kata safu nne kukingama na mteremko, ili kila safu iwe kwenye kimo kimoja, na kila safu uigawe ploti tatu. Andika karatasi tatu, "majivu", "udongo", "bila", zitie kwenye sufuria, uchote moja moja kwa safu ya kwanza. Rudia kwa kila safu. Utapata ploti 12, na tofauti ya rutuba kati ya juu na bondeni haitakudanganya, kwa kuwa unalinganisha ndani ya safu.

Kuhesabu nako kuna mitego yake. Acha mistari ya pembeni ya kila ploti, maana huko athari za jirani huingia. Amua mapema kwamba utakagua kila mmea wa tano hadi ifike 20. Ukichagua kwa macho, macho yatakwenda kwenye unachokitaka. Na anayehesabu asiwe yule aliyetia majivu.

Andika palepale shambani, kwa kalamu ya wino, pamoja na tarehe. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa ili liendelee kusomeka. Sifuri na nafasi tupu ni vitu viwili: sifuri ni kwamba nilikagua sikuona kitu, tupu ni kwamba sikukagua. Na ukifika kupima mavuno, pima unyevu pia. Gunia la kilo 100 lenye unyevu wa asilimia 20, likikaushwa hadi asilimia 13, hubaki na kilo 92 hivi. Mtu akilinganisha mahindi mabichi ya ploti moja na makavu ya nyingine, analinganisha maji.

Tuseme matokeo yamekuja hivi, mimea iliyoshambuliwa kati ya 20, kuanzia safu ya kwanza hadi ya nne. Bila kitu: 11, 7, 12, 10. Majivu: 6, 9, 5, 8. Udongo: 7, 8, 6, 8. Wastani wa bila kitu ni 10, wa majivu 7, na mtu angekimbilia redioni. Ngoja. Majivu yameshinda katika safu tatu kati ya nne. Kama majivu hayafanyi kitu, kila safu ni kama kurusha sarafu. Ukirusha sarafu mara nne, kichwa kutokea mara tatu au zaidi ni njia 5 kati ya 16, karibu theluthi moja. Hiyo ni bahati ya kawaida kabisa. Zaidi ya hapo, udongo una wastani wa 7.25, karibu sawa na majivu. Kwa idadi hizi ningesema: kuna dalili kwamba vumbi kwenye moyo linasaidia, hakuna dalili kwamba majivu yana nguvu ya pekee, na safu nne hazitoshi. Ongeza safu, urudie msimu wa pili mvua zikiwa tofauti, na matokeo ya safu ya pili, yaliyokwenda kinyume, yabaki kwenye daftari kama yalivyo.

Mama wa Kiryandongo ameshatenga safu nane. Karatasi alizikata mwenyewe. Atakayehesabu ni mjukuu wake wa kidato cha pili, ambaye siku ya kutia majivu atakuwa shuleni.